Ndege ya Ubia na Ajira ya Rubani: Usalama wa Kazi na Utumikaji wa Ndege katika Shirika la Taifa, Dar es Salaam, 1946–2023

Tarehe 11 Machi 1977 Serikali ya Tanzania iliunda Shirika la Ndege Tanzania (ATC), majuma machache baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki (EAA) kusimamisha safari zake. Shirika jipya lilikuja kuwa na makao makuu katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika jengo la ATC lililopo Mtaa wa Ohio na Garden Avenue. Kutoka hapo mtu hufika Kariakoo kwa miguu, akipita Mnazi Mmoja, chini ya saa moja. Ukaribu huo una uzito katika mjadala unaofuata. Kwa takribani miongo minne, pande hizi mbili za jiji moja zilikuwa na watu waliolipwa ili kuendesha vyombo vya usafiri visivyo vyao, lakini kwa taratibu za ajira zilizotofautiana kabisa.

Maandishi kuhusu shirika la ndege la taifa aghalabu huhesabu vitu viwili: ndege zilizonunuliwa na hasara iliyopatikana. Rubani huingia katika hesabu hizo kama gharama. Pale usalama wa ajira yake unapotajwa, hutajwa kama kizuizi cha ufanisi, kana kwamba shirika lingelipa vizuri zaidi endapo lingekuwa huru kuwapunguza wafanyakazi wake. Hoja inayojengwa hapa ni tofauti. Kwa rubani, usalama wa kazi na utumikaji wa ndege havishindani, kwa sababu kazi yenyewe imo ndani ya ndege. Karani wa shirika la umma aliyelindwa na mkataba aliweza kuketi mezani mwezi mzima bila faili na akabaki kuwa karani. Rubani hawezi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humtaka awe amepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria, na idhini yake ni ya aina mahususi ya ndege. Ndege inapokaa chini, sheria ya kazi huendelea kuulinda mshahara wake huku ujuzi unaompa mshahara huo ukichakaa. Kwa hiyo swali la msingi katika historia hii ni nani alikuwa na uamuzi juu ya ndege, karakana na shule. Idadi ya watu walioajiriwa ni swali la pili.

Ubia na mantiki yake

Umiliki wa ndege kwa sehemu, kama unavyofahamika leo katika usafiri wa ndege za kifahari, ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1986 na kampuni ambayo sasa hujulikana kama NetJets. Mteja hununua sehemu ya ndege, aghalabu kuanzia moja ya 16, ambayo humpa haki ya saa 50 za kuruka kwa mwaka. Siri ya utaratibu huo ni ubadilishanaji. Mwenye hisa akihitaji kusafiri wakati ndege aliyonunulia hisa ipo mbali, kampuni humpelekea nyingine ya aina hiyohiyo. Ndege nyingi zinazofanana, karakana moja na kundi moja la marubani ndivyo vinavyoiwezesha hisa ndogo kutoa huduma ya ndege nzima. Hasara yake ni safari tupu za kuifuata ndege mahali ilipo mteja, nayo hugawanywa kwa wote.

Marubani wa utaratibu huo hawaajiriwi na wenye hisa bali na msimamizi. Wateja walipopungua kufuatia msukosuko wa fedha wa 2008, NetJets iliwasimamisha kazi marubani 495 mwanzoni mwa mwaka 2010, na wa mwisho kuajiriwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Mfumo huo ni mkali kwa vijana, lakini una orodha inayojulikana: kila rubani anajua yupo nafasi ya ngapi, na nani ataitwa tena kwanza.

Mfano huu wa mbali unasaidia kuiona EAA kwa jicho jingine. Mbia hakuwa tajiri mwenye safari zake bali dola. Hata hivyo, mantiki ilikuwa ileile: ndege za pamoja, karakana ya pamoja, marubani wa pamoja, na wenye hisa ambao kila mmoja alitaka huduma ya shirika zima kwa sehemu yake ya mchango.

Shirika la nchi tatu

EAA ilianza safari Januari 1946 ikiwa na ndege 6 ndogo za de Havilland, kwa msaada wa shirika la Uingereza la BOAC. Wamiliki walikuwa serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na Kenya ilikuwa na sehemu kubwa kuliko wengine. Makao makuu na karakana kuu yaliwekwa Nairobi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri kwa wakati wake. Nchi ambazo kila moja haikuwa na abiria wa kutosha kujaza ndege moja kwa siku ziliweza, kwa pamoja, kuendesha shirika lililofika Ulaya. Mwaka 1960 EAA ilipokea ndege za jeti aina ya Comet 4. Kuanzia 1966 zikaja Super VC10, na katika safari za ndani na za kikanda Fokker F27 na baadaye DC-9. Hakuna nchi mbia ambayo ingeweza kubeba mzigo huo peke yake katika miaka ile.

Utumikaji wa ndege ulikuwa ndio uhai wa mpango huo. Ndege ya masafa mafupi inayoruka tangu alfajiri hadi usiku huhitaji marubani kadhaa kwa zamu, kwa kuwa kanuni za anga huweka ukomo wa saa ambazo mtu mmoja anaweza kurusha. Kwa hiyo ndege moja inayotumika vizuri hutoa kazi kwa watu wengi, na ndege moja inayolala huwalaza wote. Shirika la pamoja liliweza kuitoa ndege katika njia ya Entebbe na kuipeleka Dar es Salaam au Mombasa kulingana na msimu. Ndege ikiwa matengenezoni, nyingine ilijaza pengo. Huu ndio ubadilishanaji uliotajwa hapo juu, na EAA ilikuwa nao miaka 40 kabla ya kampuni za Marekani kuuuza kama bidhaa mpya.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Ulijaribu kurekebisha malalamiko ya Tanzania na Uganda kwamba Nairobi ilikuwa imehodhi kila kitu. Makao makuu ya mashirika ya pamoja yaligawanywa: bandari zikaja Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala, na Jumuiya yenyewe ikawa na makao Arusha. Reli na ndege zilibaki Nairobi. Mwaka 1971 shule ya urubani ya Jumuiya ilifunguliwa Soroti, mashariki mwa Uganda, ili kuandaa vijana Waafrika kushika usukani ambao hadi wakati huo ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Wazungu.

Ukitazama ramani hiyo kwa jicho la rubani Mtanzania, kasoro huonekana mapema. Alifundishwa Soroti, akaajiriwa Nairobi, na ndege yake ikatengenezwa Nairobi. Nchi yake ilikuwa na hisa katika vitu vyote hivyo, lakini haikuwa na hata kimoja ndani ya mipaka yake. Mgawanyo wa 1967 uligawa ofisi na heshima. Uwezo wa kuifanya ndege iruke kesho asubuhi haukuguswa, na kwa kuwa wakati huo ndege zilikuwa zikiruka, wachache waliliona hilo kuwa tatizo.

Matatizo ya fedha kati ya wabia, tofauti za itikadi, na mapinduzi ya Uganda ya Januari 1971 yaliyofanya viongozi wa Jumuiya washindwe kukutana yameelezwa mara nyingi na hayahitaji kurudiwa. Lenye uzito hapa ni namna mwisho ulivyokuja. Januari 1977 safari za EAA zilikoma. Kenya Airways iliundwa tarehe 22 Januari na kuanza kazi tarehe 4 Februari. Siku hiyohiyo ya Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ndege 4 za Super VC10 zilizokuwa zimebaki zilirudi Uingereza kwa mtengenezaji. Mwaka 1978 zikauzwa kwa Jeshi la Anga la nchi hiyo, ambalo lilizigeuza kuwa ndege za kujazia mafuta angani. Kwa rubani yeyote mwenye idhini ya VC10, mabadiliko hayo yalimaanisha kwamba chombo alichosomea kilikuwa kimeondoka katika usafiri wa abiria wa kanda nzima.

Hapakuwa na orodha ya ukongwe iliyovuka mpaka. Uraia ndio uliokuwa orodha. Aliyekuwa Mkenya alikuwa na shirika la kwenda, lenye karakana. Mtanzania alirudi nyumbani kwenye shirika ambalo lilikuwa bado halijaandikishwa.

Walichorudi nacho

ATC ilianza kwa ndege chache, hasa Fokker F27 na Twin Otter, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawa na Boeing 737-200 mbili. Nembo ya twiga ilichorwa mkiani. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba nchi ingeweza kufanya peke yake kile ambacho tatu zilishindwa kukifanya pamoja. Lakini hesabu za ubadilishanaji zilikuwa zimegeuka. Shirika lenye ndege mbili za aina moja likipeleka moja matengenezoni hubaki na nusu ya uwezo wake. Katika miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni ulifanya kipuri kimoja kisubiriwe kwa muda mrefu, na ndege zima likawa mateka wa kipuri hicho.

Mgawanyo rasmi wa mali ulikuja baadaye sana. Msuluhishi Victor Umbricht, Mswisi, alisimamia majadiliano yaliyozaa makubaliano ya tarehe 14 Mei 1984 mjini Arusha. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki na shule ya Soroti vilibaki kuwa vya pamoja, na kila nchi ilichukua jukumu la kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Kama zoezi la uhasibu, kazi ya Umbricht ilikuwa ya uangalifu mkubwa. Lakini asilimia 32 ya thamani haikuwa asilimia 32 ya karakana. Karakana haigawanyiki, na iliyokuwapo ilikuwa Nairobi.

Sehemu ya makubaliano hayo iliyowahusu watu ndiyo iliyochelewa zaidi. Kwa miaka mingi wakazi wa katikati ya Dar es Salaam walizoea kuwaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege, wakikusanyika kudai mafao yao na wakati mwingine kufunga barabara. Mwaka 2005 ndipo Serikali na wawakilishi wao, zaidi ya watu 31,000, walipofikia maridhiano mahakamani ya Sh. bilioni 117, miaka 28 baada ya ndege za mwisho za EAA kutua. Hata hapo malalamiko kuhusu hesabu za malipo hayakwisha. Si bila maana kwamba wazee hao waliandamana katika jiji ambalo mtaa wake mashuhuri, Kariakoo, umepata jina lake kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi ambacho ujira wa wengi waliofia humo haukuwafikia warithi wao.

Mtaa wa Ohio na Kariakoo

Ndani ya jengo la ATC, sheria ilikuwa upande wa mfanyakazi. Sheria ya Usalama wa Kazi ya 1964 ilizuia mwajiri kumfukuza mtu bila kufuata utaratibu wa nidhamu uliowekwa, na Mwongozo wa TANU wa 1971 uliongeza sauti ya wafanyakazi dhidi ya mameneja wababe. Rubani wa shirika la umma alikuwa na mkataba, nyumba au posho, na matarajio ya pensheni. Kilichokosekana, mwaka baada ya mwaka, kilikuwa ndege ya kurusha.

Kariakoo mambo yalikuwa kinyume chake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa mwaka 1974 baada ya Serikali kuchukua kampuni ya mabasi ya DMT, lilikuwa na tatizo lilelile la vipuri. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na daladala zikaujaza mji. Umiliki wake ulikuwa wa vipande kwa maana halisi: tajiri mmoja basi moja au mawili, na barabara yenye wenye mali mamia kadhaa wasiojuana. Dereva na konda walipeleka hesabu ya siku kwa tajiri, wakalipa mafuta, na kilichobaki ndicho kilikuwa chao. Wengi hawakuwa na mkataba wowote wa maandishi. Chini yao walikuwapo deiwaka, walioshika usukani kwa saa chache ili mwenye zamu apumzike.

Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeichunguza sekta hii kwa miaka mingi, ameonesha kwamba mwendo wa kasi, kujaza abiria kupita kiasi na kukatisha njia havikuwa tabia mbaya za madereva bali matokeo ya hesabu hiyo. Tajiri alipata kiasi kilekile siku nzuri na siku mbaya, na hatari yote ilikaa kwa dereva. Basi lilitumika kikamilifu, kuanzia usiku wa manane hadi usiku mwingine. Kwa kipimo cha saa za kazi za chombo, daladala ya Kariakoo ilikuwa na ufanisi ambao meneja yeyote wa ndege angeutamani.

Ulinganisho huu huenda ukaonekana wa kulazimisha, kwa kuwa rubani na dereva wa daladala hawakai meza moja. Lakini unaeleza jambo ambalo historia ya shirika la ndege peke yake hulificha. Kariakoo kulikuwa na chombo bila usalama wa kazi. Mtaa wa Ohio kulikuwa na usalama wa kazi bila chombo. Pande zote mbili, aliyeendesha hakuwa na neno katika uamuzi wa lini chombo kifanyiwe matengenezo, wapi, na kwa fedha za nani. Dereva alijua breki zimeisha, lakini tajiri ndiye aliyeamua. Rubani alijua ndege imelala kwa kukosa kipuri, lakini fedha za kigeni zilipangwa Benki Kuu.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliichukua hali hii na kuitafsiri kwa upande mmoja tu. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliyatazama mashirika kama yenye watu wengi kupita kazi iliyopo. Katika ATC hilo lilikuwa kweli kihesabu, kwa sababu kazi iliyopo ilikuwa imepungua hadi kufikia ndege chache. Hakuna aliyepima idadi ya watu kwa kazi ambayo ingekuwapo endapo ndege zingeruka.

Wabia wapya

Jaribio la Alliance Air linaweza kupitwa kwa haraka. Kuanzia 1995 South African Airways (SAA), pamoja na Tanzania na Uganda, iliendesha safari za masafa marefu kwa Boeing 747SP iliyokodiwa kutoka SAA. Mwaka 2000 kampuni ilifungwa. Ilikuwa ni EAA ndogo, yenye ndege ya mtu mwingine.

Ubia wa pili ulikwenda mbali zaidi. Desemba 2002 SAA ilinunua asilimia 49 ya shirika la taifa kwa dola za Marekani milioni 20, na mwaka 2003 Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ikazinduliwa. Ndege zilizotumika, Boeing 737-200, zilikodiwa kutoka kwa mbia huyohuyo. Katika lugha ya Kariakoo, SAA ilikuwa mbia na tajiri kwa wakati mmoja. Ilimiliki sehemu ya kampuni na pia ilipokea kodi ya ndege, hivyo kampuni ilipopata hasara, upande mmoja wa mfuko wake uliumia na mwingine ukalipwa. Mwaka 2006 Serikali ilivunja ubia huo na kuzichukua tena hisa zote.

Wakati ubia ukidumu, sheria ya kazi nayo ilibadilishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 ilimruhusu mwajiri kusitisha ajira kwa sababu za kiuendeshaji, kwa sharti la kutoa taarifa na kushauriana, na iliweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi ukomo wa miaka 10. Kwa kipimo hicho, rubani mwenye miaka 10 na mwenzake mwenye 25 hupata sawa: mshahara wa siku 70. Kifungu kiliandikwa kwa ajili ya waajiri wote na hakina kosa la dhamira. Lakini fundi au karani anaweza kutafuta kazi nyingine akiwa na ujuzi wake mkononi. Saa za urubani hazihifadhiwi bila ndege.

Hali hiyo ilidhihirika katika miaka iliyofuata. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iliondoa cheti cha uendeshaji cha ATCL, na kwa siku moja marubani wote wakawa chini, hadi cheti kiliporudishwa Januari 2009. Kufikia mwaka 2011 shirika lilitegemea ndege moja aina ya Dash 8 Q300, na ilipokwenda matengenezoni safari zilisimama. Tarehe 9 Aprili 2012 Q300 ya shirika ilipata ajali Kigoma. Hakuna aliyefariki, lakini ndege haikuweza kuruka tena. Hiki ndicho kipindi ambacho kampuni binafsi, Precision Air na baadaye fastjet iliyoanza safari zake Dar es Salaam Novemba 2012, zilikuwa na ndege za kurusha. Kuhama kwa rubani kutoka shirika la umma kwenda kwa mwajiri binafsi katika miaka ile hakuwezi kuelezwa kwa mshahara pekee. Alifuata usukani. Fastjet nayo ilisimamishwa na Mamlaka Desemba 2018, na waliokuwa humo wakatafuta tena.

Mwenye ndege na mwenye kuirusha

Septemba 2016 Serikali ya Rais John Magufuli ilipokea ndege mbili za Q400 na kuanza ufufuaji ambao, kwa idadi ya ndege, haukuwahi kutokea. Boeing 787-8 ilifika Julai 2018, Airbus A220-300 ya kwanza Desemba mwaka huohuo, ndege ya mizigo ya Boeing 767 Juni 2023 na Boeing 737 MAX 9 Oktoba 2023. Utaratibu wa umiliki ulikuwa mpya: ndege zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikawa mkodishwaji. Uamuzi huo uliilinda mali dhidi ya madeni ya zamani ya kampuni. Pia ulirudisha, kwa sura ya serikali, utengano wa tajiri na mwenye kushika usukani.

Ulinzi huo ulikuwa na upande wa pili. Agosti 2019 Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama kutokana na dai la mkulima ambaye mali yake ilitaifishwa Tanzania miongo kadhaa kabla, na haikuachiwa hadi Septemba. Desemba 2022 A220 nyingine ilizuiwa Uholanzi kwa deni la Serikali kwa kampuni ya nishati. Katika mashauri yote mawili, ATCL haikuwa imekopa kwa wadai hao. Ndege ilikamatwa kwa sababu mmiliki wake ni dola, na dola ina madeni mengi yasiyohusu usafiri wa anga. Kila siku iliyokaa chini ilikuwa siku ya watu wenye idhini ya A220 kutorusha.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kiwandani. Injini za A220 zilionesha kasoro duniani kote, na kuanzia mwaka 2022 baadhi ya ndege za ATCL zililazimika kukaa chini zikisubiri injini. Hasara ya Sh. bilioni 60 iliyotajwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa mwaka 2019/20, na ya Sh. bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, zilisomwa bungeni na magazetini kama hukumu juu ya uendeshaji. Sehemu ya hukumu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, shirika halimiliki ndege, halina uwezo wa kutengeneza injini zake kubwa, na halikuwa na shule. Kupima ufanisi wake bila kutaja mambo hayo matatu ni kumpima dereva wa daladala kwa hesabu ya siku ambayo basi lilikuwa gereji.

Mahitaji ya soko hayajawahi kuwa tatizo, na hapa Kariakoo inarudi. Tangu uagizaji wa bidhaa ulipolegezwa mwaka 1984, wafanyabiashara wa mitaa ya Msimbazi, Uhuru na Kongo wameagiza nguo, vipuri na simu kutoka Dubai na, baadaye, Guangzhou. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo walisafiri na mashirika ya kigeni, kwa kuwa la nyumbani halikuwa na ndege ya kuwapeleka. Mzigo wao ulijaza ndege zilizowapa kazi marubani wa Addis Ababa, Nairobi na Dubai. Ndege ya mizigo ya 2023, inayoweza kubeba takribani tani 54, ndiyo ya kwanza ya shirika la taifa kununuliwa kwa ajili ya biashara ya aina hiyo.

Upande wa shule, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, kilomita chache magharibi mwa Kariakoo, kimepewa jukumu la kuanzisha mafunzo ya urubani nchini. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kazi hiyo alikwenda nje ya nchi, mara nyingi Afrika Kusini au Ethiopia. Soroti ipo bado, na makubaliano ya Mei 1984 yaliiacha kuwa ya pamoja.